Mafuta ya Makonyo Katika Banda la Mjomba

Nilipokuwa mwanafunzi wa ufugaji, mjomba wangu wa Chake Chake, Pemba, aliniita nimsaidie kuwalisha kuku wake wa nyama mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yale yanayokenekwa kwa mvuke kiwandani Wawi, badala ya kuwatilia antibiotiki chakulani kila anapoingiza vifaranga. Alikwisha kusikia kwamba Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo tangu Januari 2006, naye akataka kujua kwa nini sisi wenye karafuu tuendelee kununua kitu ambacho wanunuzi wa karafuu wamekikataa.

Kazi kubwa ilikuwa kuchanganya. Tulikubaliana gramu 150 kwa tani ya chakula, yaani gramu saba na nusu kwa gunia la kilo 50, kiasi ambacho ukikimwaga juu ya gunia kitamfikia kuku mmoja na kuwapita wengine wote. Kwa hiyo niliyavuta mafuta kwa bomba la sindano, nikayadondoshea kwenye pumba laini za mahindi, nikazifikicha kwa mikono yenye glavu hadi pasibaki donge hata moja; pumba zile zikachanganywa na ndoo ya chakula, na ndoo ile ndiyo iliyoingia kwenye lundo na kugeuzwa kwa koleo. Ghala zima likanuka kama chumba cha daktari wa meno, na si ajabu, kwa kuwa eujenoli iliyojaa katika mafuta hayo ndiyo hiyo hiyo anayoitumia yeye.

Mjomba alitaka tumalize chakula cha mwezi mzima. Nikamweleza kwamba mafuta haya huruka, ndiyo maana viwanda vikubwa huyafunika ndani ya chembe ndogo ndogo kabla ya kuyatia chakulani.

"Haya, mwanangu," akasema, "mkono utakaochoka ni wako."

Mkaza mjomba, ambaye ndiye mwenye daftari la mauzo, alishikilia tugawe banda kwa wavu, upande mmoja usipate mafuta. Siku ya kupima, uzito ulitofautiana kidogo mno, jambo ambalo halikunishangaza, kwani katika banda safi hata antibiotiki za kukuzia hazileti faida kubwa. Lakini maranda waliyotandikiwa kuku wa upande wa mafuta yalikuwa makavu zaidi, dalili ya kinyesi kisicho majimaji, na hilo alilitambua yeye kabla yangu. Chanjo za kideri na gumboro hatukuziacha; mafuta si badala yake. Mkaza mjomba akaandika bei ya antibiotiki kwenye daftari, akamwambia mumewe aulize kwanza Wawi lita moja ni kiasi gani.