Kutu kwanza, rangi baadaye: siku moja na Datsun 240Z uani kwangu

Saa 11:30 alfajiri

Nikitoka kuswali sirudi kitandani. Naingia uani, navua turubai, napitisha kiganja juu ya bati tulilolisugua jana. Hapa Kisauni, Mombasa, bahari haiko mbali, na chuma kitupu kikilala usiku mmoja bila praima, rangi ya msingi ya kuzuia kutu, kinaamka na unga mwekundu. Kwa hiyo jioni hatuachi bati uchi, hata kama mikono imechoka. Leo kiganja kimetoka safi.

Gari ni Datsun 240Z la Mzee mmoja wa Kizingo. Alilinunua mtumba zamani, akaliendesha mpaka breki zikamshinda, akaliegesha chini ya mwembe. Wakati huo watoto wake walikuwa shule ya msingi. Sasa nao wana watoto. Nissan, wenye jina la Datsun, walianza kuuza gari hili mwaka 1969, kwao Japani likiitwa Fairlady Z: viti viwili, boneti ndefu, silinda sita kwa mstari, injini ya cc 2,393. Kwetu Afrika Mashariki lina jina kwa sababu nyingine. Ndilo lililoshinda Safari, mbio za magari za Safari Rally, mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, likarudia 1973 na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, akiwa na Lofty Drews. Mwaka huo wa pili Mehta alimaliza sawasawa kwa pointi za adhabu na Harry Källström, aliyekuwa kwenye Datsun nyingine, 180B, na ushindi akapewa Mehta.

Kila anayeliona hapa uani huniuliza nitalipiga rangi gani. Swali hilo silijibu mpaka sakafu iishe. Nimeona magari mengi ya zamani mjini Mombasa yaliyopakwa rangi ya kung'aa juu ya pati nene, na chini ya pati kutu bado inakula. Mwaka haupiti, rangi inatoa malengelenge, mwenyewe analiuza kwa uchungu. Gari la namna hii linafia chini, pale ambapo mwenyewe hainami kuangalia.

Saa 1 asubuhi

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekunywa chai?"

Ni kijana ninayemfundisha kazi. Hajanywa. Tunakula mahamri na mbaazi tukiwa tumechuchumaa kando ya gari, na huku tunakula namwonyesha kwa chaki mstari wa kukata. Kisha tunapitia mambo ya kila asubuhi: betri imetolewa, tangi la petroli liko upande wa pili wa nyumba, viti na mazulia yako ndani, ndoo za maji na mchanga ziko karibu. Grinda haiwashwi kabla ya hapo.

Saa 2 asubuhi

240Z halina chesisi ya kujitegemea kama Land Rover. Bodi ndiyo mifupa yenyewe: sakafu, vizingiti chini ya milango, na reli mbili za bati jembamba zinazopita chini ya sakafu kutoka mbele. Ukikata sakafu na kizingiti kwa pamoja bila kulishikilia, gari linalegea katikati, na mlango hautafunga tena sawasawa. Kwa hiyo kabla hatujagusa chochote tulichomelea chuma cha mraba katika kila uwazi wa mlango, kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, na gari tukaliweka juu ya steni nne tukalipima kwa pima maji. Na bado, kila kipande kinapotoka tunaujaribu mlango. Ukigusa popote, kazi inasimama.

Leo ni upande wa kushoto, miguuni pa abiria. Kiwandani walilaza mikeka ya lami juu ya sakafu ili kupunguza kelele. Lami ikizeeka inapasuka, maji yanapenya chini yake, na yakishaingia hayana pa kutokea. Ukitazama kwa juu unaona sakafu nyeusi, nzima. Ukiigonga kwa nyundo, mahali pazuri panalia na mahali pabovu panajibu kwa sauti butu. Tuliipasha lami moto tukaibandua kwa patasi isiyo na makali, na chini yake bati likawa linatoka kwa vidole, tabaka baada ya tabaka.

Namfundisha kijana kukata mpaka afike kwenye chuma cheupe, chuma ambacho brashi ya waya inakifanya king'ae. Kuchomelea bati jipya kwenye ukingo ulioliwa ni kupoteza gesi na waya. Anaona uchungu kukata kilichobaki, namwelewa, lakini kutu haina ukomo wa kuhurumiwa. Tunakata.

Kipande kipya kinaanza kama kadibodi. Nalikata boksi mpaka lilale vizuri kwenye tundu, ndipo nalichora kwenye sheeti ya geji 18. Sakafu ya awali ina mifuo, mistari iliyobonyezwa kwenye bati kiwandani, na mifuo hiyo ndiyo inayoipa bati jembamba ukakamavu. Ukiweka bati bapa, litapiga kelele barabarani na kunesa chini ya mguu. Sina mashine ya kupiga mifuo. Nina boriti ya mkoko niliyoichonga ubavu ukawa na mviringo, na nyundo ya mpira. Bati linalala juu ya boriti, nyundo inakwenda polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, mara nyingi, mpaka mfuo unazama na kukaa sambamba na ule wa zamani. Mkoko ni mgumu na hauchaniki, nao umetoka kwa wauza boriti za kuezekea.

Kuchomelea natumia MIG, mashine inayosukuma waya na gesi kwa pamoja, na waya wa milimita 0.6. Mashine ya fimbo inatoboa bati hili mara moja. Kwanza praima ya zinki kwenye kingo zitakazolaliana, kisha nukta moja hapa, nyingine upande wa pili kabisa, nyingine katikati. Halafu unasubiri. Kijana anataka kuvuta mstari mmoja amalize, namshika mkono. Bati likipata moto wote kwa mara moja linajivuta, na sakafu inabaki na mawimbi yasiyonyooka tena. Kati ya nukta na nukta nakaribisha mgongo wa mkono. Joto likiwa bado linanifukuza, tunafanya kitu kingine. Asubuhi nzima imekwisha kwenye kipande kisichozidi sinia ya chai, na hiyo ndiyo kasi yake.

Mlango wa kushoto tumeufunga na kuufungua. Haujagusa.

Saa 5 asubuhi

Mpwa wake Mzee amepita, kijana mzuri, anapenda magari kwa dhati.

"Fundi, kwa nini mnahangaika na injini hii? Wekeni 2JZ ya Toyota, mambo kwisha."

Nimemjibu kwa utulivu kwa sababu swali lake analiuliza kila mtu. Injini ile ya Toyota ni nzuri sana, lakini ni lita 3 na ni nzito. Pua ya gari itashuka, breki hizi, diski mbele na ngoma nyuma, hazikutengenezwa kuizuia, na difu, gia za ekseli ya nyuma, nayo itataka kubadilishwa. Na nguvu zote hizo zitapita kwenye sakafu ninayoichomelea nukta kwa nukta. Kubwa zaidi, injini yake haijafa. Nimeipima kompresheni na silinda sita zinakaribiana.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Injini hii inaitwa L24, ina upana wa silinda milimita 83 na mwendo wa pistoni milimita 73.7. L16, ile ya cc 1,600 iliyokuwa kwenye Datsun za kawaida za wakati huo, ina vipimo hivyo hivyo. Ni silinda ile ile, ila hapa ziko sita badala ya nne. Datsun za ukoo huo zilijaa Kenya, zikiwemo Violet, gari ambalo Mehta alilishindia Safari mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Fundi mzee aliyezifungua hizo anaijua na hii.

Amekaa kimya, akaomba amshikie kijana taa. Nikamwachia.

Saa 7 mchana

Adhuhuri, wali wa nazi, samaki wa kupaka. Jua la saa hizi halifanyi kazi na mtu.

Saa 8 mchana

Kivulini, juu ya meza, kabureta mbili za Hitachi. Zimejengwa kwa mfumo wa SU wa Uingereza: ndani kuna pistoni inayopanda kadiri injini inavyovuta hewa, ikibeba sindano inayofungua njia ya petroli. Petroli iliyokaa miaka imeacha gundi ya rangi ya asali kila mahali. Hatukwangui kwa kitu kigumu, maana pistoni na kuba lake vimechongwa vikae karibu sana bila kugusana, na mkwaruzo mdogo tu unavikwamisha. Ni kitambaa laini, dawa ya kusafishia kabureta, na subira.

Kipimo chake nakipenda. Unainua pistoni kwa kidole, unaiachia. Inatakiwa ishuke yenyewe na kugota chini kwa mlio mmoja mkavu. Ya nyuma imegota vizuri. Ya mbele ilikuwa inasita njiani. Tumeifungua tena, tumeisafisha kuba, tumeikaza sindano katikati ya tundu lake, na sasa zote mbili zinagota kwa mlio mmoja. Mafuta mepesi kidogo juu, kwenye mrija wa kutuliza, na tunazifunga.

Saa 10 alasiri

Mzee amefika na bakora yake, nimemwekea kiti cha plastiki mbali na ekzosi. Grinda na mashine ya kuchomelea zimeshazimwa na kuhifadhiwa.

Injini hii ilipoletwa ilikuwa imekwama. Tuliimiminia asetoni na mafuta ya giaboksi otomatiki kupitia matundu ya plagi, tukaiacha, kisha kila siku spana namba 27 kwenye bolti ya kranki, kwenda kidogo na kurudi kidogo, bila kulazimisha. Ilipoachia tulibadilisha mafuta, tukapima nafasi za valvu ikiwa baridi: 0.20 za kuingiza, 0.25 za kutoa.

Leo, kabla ya kuweka plagi, nimeacha kifuniko cha valvu wazi nikamwambia kijana apige stata. L24 za mwanzo zina bomba jembamba linaloimwagia mafuta kemshafti, ule mtaimbo wenye kamu zinazofungua valvu. Likiziba au likilegea, kemshafti inalika huku geji kwenye dashibodi ikionyesha presha nzuri kabisa. Kwa hiyo siamini geji, naamini macho. Tumeinama wote wawili na tochi mpaka kila kamu ikapata mafuta yake. Hapo ndipo tumefunga kifuniko, tukaweka plagi, waya kwa mpangilio wa 1-5-3-6-2-4, na petroli safi kwenye chupa.

"Polepole, mwanangu," Mzee amesema, ingawa hakuna aliyekuwa na haraka.

Mara ya kwanza imekohoa. Mara ya pili imeshika silinda tatu nne, moshi mweupe wa mafuta ukajaza ua, halafu zile nyingine zikaingia moja moja na sauti ikajikusanya. Nimechukua kipande cha mpira, ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta. Ya mbele ilikuwa inavuta kwa nguvu zaidi. Nimeipunguza skrubu kidogo, nikasikiliza ya nyuma, nikarudi, mpaka mvumo ukawa mmoja. Dakika chache tu, radieta haijawa tayari kwa zaidi ya hapo, nikazima.

Mzee amesimama bila kuishika bakora vizuri. Anasema alikuwa kijana huko Taita, Pasaka, wamepanda juu ya mawe kuyasubiri magari ya Safari. "Hizi ulikuwa unazisikia bonde zima kabla hujaziona. Ndiyo sauti hii hii." Mpwa wake hakusema tena habari ya 2JZ.

Saa 12 kasorobo jioni

Kabla hajaondoka nimemwonyesha kitu. Tulipobandua lami, kwenye ukingo ambao jua halijawahi kuufikia, rangi ya kiwandani ilitokea: ya machungwa. Yeye analijua gari jeupe toka siku alipolinunua. Mpwa anataka jekundu na boneti nyeusi, kama yale ya timu ya Datsun. Mzee ameinama, ameigusa kwa kidole gumba, akaniuliza ninaonaje.

Nimemwambia ninavyoona: ya machungwa, kwa sababu ndivyo lilivyozaliwa na yale mekundu yana historia yao. Lakini pia nimemwambia tusizungumze rangi sasa. Bado reli ya kulia, bado nta ndani ya vizingiti, bado breki zote, na sasa ni kusi, hewa ina maji na mvua inapita bila taarifa. Rangi itapigwa kaskazi ikishatulia, Januari. Ameridhika, ameacha pesa za waya na gesi.

Saa 3 usiku

Daftari. Kaliparia za breki za mbele zimeganda pistoni, nizifungue kabla sijaagiza mipira, huenda zenyewe zikafaa. Mipira ya milango haipatikani hapa, itatoka nje, kwa hiyo iagizwe mapema. Sila ya maungio imebaki robo kopo. Kijana ameomba kesho apige nukta za kwanza mwenyewe upande wa kulia. Nimemkubalia, mfuo mmoja ataupiga pia, kwenye boriti, nikiwa pembeni.