Tafuta vigae kwanza, mifupa baadaye
Jamani, ukitafuta mabaki ya wawindaji wa nyangumi huko Red Bay, pwani ya Labrador, Kanada, kinachoanza kusema ni vigae vyekundu vya paa. Wabasque, watu wa mpakani mwa Hispania na Ufaransa, walivileta kwa meli karne ya 16, wakaezekea majiko ya kuyeyushia mafuta ya nyangumi. Fukua chini yake: mawe ya jiko, na juu ya mawe ganda jeusi, gumu, la mafuta yaliyomwagika yakaungua. Ganda hilo ndilo ushahidi mzito kwamba mafuta ya nyangumi yaliyeyushwa hapo, maana mfupa peke yake waweza kuwa wa nyangumi aliyejifia akatupwa ufukweni na mawimbi.

Na aina ya nyangumi msiikisie kwa macho! Mifupa ya mapezi iliyopatikana hapo ilidhaniwa ni ya aina mbili. DNA ikaonyesha karibu yote ni ya nyangumi wa Aktiki, yule wa kichwa cha upinde.