Nilikwenda kuhesabiwa, maua nikayaachia tambi

Kila Desemba sisi Wachaga tunarudi kwetu Kilimanjaro kwa sikukuu, ndiyo mnasema tunakwenda kuhesabiwa. Mnaotutania tanieni tu, ila hakuna anayeuliza maua yanabaki na nani. Mimi nimepanga Kijenge hapa Arusha, ghorofa ya kwanza, chumba na sebule. Marangu si mbali, asubuhi unaondoka na mchana unakula ndizi za mama. Kazi ni kurudi. Mama haniachii mpaka Januari ianze kuzoeleka, na mara zote huwa nakaa kama siku 19.

Mwaka juzi ufunguo nilimwachia kijana wa jirani. Kijana mwema mno, huyu anaamkia mpaka paka. Nikamwambia, "Maua yangu uwe unayatazama." Basi. Sikusema mara ngapi, sikusema kiasi gani.

Niliporudi alinipokea begi getini. "Shikamoo dada. Maua yako sijayaacha hata siku moja."

Kweli hakuyaacha. Kikombe kimoja kwa kila chungu, kila asubuhi, Jumapili hadi Jumapili. Sahani za chini zilikuwa zimefurika, zulia limelowa.

Nilikuwa na moja la majani ya kung'aa, utadhani limepakwa mafuta. Kitaalamu ni Zamioculcas, na asili yake ni huku huku kwetu Afrika Mashariki na kushuka kusini. Chini ya udongo lina viazi vya kutunzia maji, ndiyo maana linaweza kukaa mwezi mzima bila tone na lisijue kama umesafiri. Nilishika shina nikavuta kidogo tu, likaja lote mkononi bila mzizi hata mmoja. Nikaingiza kidole kutafuta viazi. Uji. Harufu sitaisimulia, najua wengine mnasoma huku mnakula.

Sikumwambia kitu. Nilimshukuru, nikampa chane mbili za ndizi.

Desemba iliyofuata nikaapa hakuna mtu wa kushika kikombe humu ndani. Nilianza na chupa ya maji iliyopinduliwa kwenye udongo, ile ambayo kila mtu anakwambia ujaribu. Ya kwangu ilikauka usiku mmoja. Nikachana khanga kuukuu, ncha moja ndani ya ndoo na nyingine kwenye chungu, nikangoja. Maji yalipanda kidogo kama yanapanda Mlima Meru, yakaghairi. Ile khanga ilikuwa poliesta. Pamba ndiyo inayonyonya. Plastiki haina kiu.

Hapo ndipo nikakumbuka jiko la mchina. Tambi zake ni za pamba, na kazi yake ni hiyo hiyo ya kuvuta kitu kutoka chini. Nikaenda soko la Kilombero kununua mpya, maana za zamani zingeyanywesha mafuta ya taa.

"Naomba nane."

"Jiko gani hilo la tambi nane, dada?"

"Ni za kunyweshea maua."

Akanitazama, akahesabu nane, akapokea hela yake kimya.

Utambi uloweshe kwanza, vinginevyo unachelewa kuanza. Ncha moja isukume kwa penseli ndani ya udongo, kina cha kidole. Nyingine ifike chini kabisa ya ndoo. Udongo ukikauka unavuta, ukilowa unatulia. Lakini jaribu wiki moja kabla ya safari! Mimi ndoo niliiweka juu ya stuli, maji yakawa yanateremka yenyewe badala ya kuvutwa, na kesho yake nikakuta matope. Nilipoishusha sakafuni, usawa wa vyungu, mambo yakatulia. Vyungu pia nilivisogeza mbali na dirisha, kwani jua likipungua na kiu inapungua. Mshubiri na lile la majani kama mapanga sikuyapa utambi kabisa. Hayo yaache na njaa yake.

Ndoo niliijaza maji ya mvua kutoka simtanki la mwenye nyumba, na sababu ni isale. Nilichimba mche kwenye mpaka wa shamba letu Marangu, nikaupanda chunguni. Kule unastawi bila kutazamwa, hapa mjini ncha za majani zikawa zinageuka kahawia kama zimeunguzwa na pasi. Watu wa Arusha floraidi, yale madini ya majini yanayotia meno rangi ya kahawia, tunaijua kwa kutazamana meno. Isale nalo ni la jamii ya mimea iitwayo dracaena, na hiyo haipatani na floraidi: maji yanatoka kwenye jani kama mvuke, floraidi inabaki na kurundikana nchani. Nilitaka hata kuliomba radhi, lakini Mchaga akikosa anapeleka isale. Sasa isale lenyewe unalipelekea nini?

Mwaka huu nimerudi yote nane yako hai. Lililonona kuliko mengine ni lile dogo la Usambara, la maua ya zambarau na majani yenye manyoya, ambalo halipendi kumwagiwa maji kichwani. Kwenye ndoo yalibaki maji ya vidole viwili.

Na viluwiluwi vya mbu. Ndoo wazi, siku 19, ndani ya nyumba iliyofungwa: wakubwa walikuwa wameshahamia kwenye pazia. Usiku wa kwanza sikulala.

Jumamosi nimenunua ndoo yenye mfuniko. Kijana wa jirani ndiye aliyeutoboa kwa msumari wa moto, matundu nane na la tisa kwa bahati mbaya. Alipomaliza akazungusha macho sebuleni.

"Dada, na lile la kung'aa uliliuza?"

"Nililipeleka Marangu," nikamjibu.