Klachi ya Mark II

Nilikuwa namsomea ami yangu sura ya tatu ya hadithi yangu, pale Khatibu na Toyota Mark II yake na Suleiman na Toyota Altezza yake wanaposhindana saa tisa usiku kutoka Tunguu hadi Paje, hapa Unguja. Ami ni fundi gari huko Fuoni. Nilipofika kwenye "Khatibu akakanyaga klachi, tabo (turbo) ikapiga mluzi", akaniinulia mkono wenye grisi.

"Mwanangu, hiyo Mark II umeiona wapi?"

"Kwa jirani, ami."

"Ya jirani ni GX100, otomatiki. Tabo haina, klachi haina. Sasa huyo mtu wako kakanyaga nini?"

Niliandika sura yote upya, na sikujua kama ukweli wa gari ungenipa hadithi nzuri kuliko ile niliyoibuni. GX100 ya jirani ina injini ya 1G-FE, silinda sita, cc 2000. Altezza AS200 niliyompa Suleiman nayo ina injini hiyo hiyo! Tofauti ni kwamba yake ni manyuo, ya kubadilisha gia kwa mkono, gia sita. Khatibu hana gia za kuchezea, ana kitufe cha O/D (overdrive) tu kwenye mpini wa gia, cha kuzima gia ya juu. Anakibonyeza, taa ya njano inawaka kwenye dashibodi, gia ya nne inakatika, injini inalia. Aliyewahi kupanda Mark II anaijua taa ile, na kwangu inatisha kuliko kuandika mwendo wa kilomita 220 kwa saa.

Mwendo nao nimeushusha. Kilomita 100 kwa saa ni karibu mita 28 kila sekunde. Ukimwona mtu wa baiskeli isiyo na taa, hadi mguu ufike kwenye breki umeshakula mita hizo zote. Kwa barabara zetu, 100 inatosha kabisa kumkausha msomaji mate.

Halafu nikapanda daladala ya Paje, nikakaa mbele na daftari. Matuta ya barabarani kwenye msitu wa Jozani yaliwekwa kwa sababu ya kima punju waliokuwa wakigongwa na magari. Mimi nilikuwa nimemrusha kima mbele ya Altezza usiku wa manane, na kima usiku amelala mtini! Nikamtoa. Mahali pake nimeweka sauti ya komba, yule ndiye mwenye usiku wake.

Matuta yale ndiyo yaliyoamua mashindano, si mimi. Suleiman kakata springi, gari imelala chini. Tuta la kwanza analivuka mshazari, tairi moja moja, na Khatibu anaona taa zake za nyuma zikikaribia. Tuta la pili Suleiman hana subira. Nimeandika sauti ile ya chuma kukwaruza lami kwa sentensi moja fupi, kisha harufu ya breki za Khatibu akimpita.

Ijumaa baada ya sala nikamsomea tena ami. Safari hii alisikiliza hadi mwisho, kimya. Kisha akauliza:

"Sampo ya Suleiman imepasuka, au imeng'oka nati tu?"

Sampo ni lile bakuli la oili chini ya injini, na sikuwa nimelifikiria. Akachukua tochi, akatandika boksi chini ya Altezza ya mteja, akaniambia nilale nitazame nati ya kumwagia oili inavyokaa. Sura ya nne inaanzia hapo.