Kisiwa cha Kubuni Huanza Baharini

Wengi wanaoanza kuchora ramani za nchi za kubuni huanza na milima. Hupanga safu ya vilele katikati ya karatasi, wakashusha mito miwili mitatu, wakatia msitu huku na jangwa kule, na mwisho kabisa, karatasi ikikaribia kujaa, wakaizungushia nchi hiyo bahari. Mimi naishi Wete, Pemba, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikichora kwa kalamu na rangi za maji visiwa viwili visivyokuwepo, Kidundo na Uvumba. Ninaamini kwa dhati kwamba kisiwa cha kubuni husadikika pale tu ambapo maji, upepo na jiwe vimetangulia, na miji na majina yakaja baadaye.

Jambo la kwanza ninaloliamua ni kina. Kabla sijachora hata inchi moja ya pwani, huandika kwa penseli nyepesi tarakimu za mita katika sehemu mbalimbali za karatasi, kwa sababu kina cha mlango wa bahari huamua karibu kila kitu kitakachofuata. Ushahidi tunao hapa hapa kwetu. Bahari iliyopo kati ya Unguja na mrima, yaani pwani ya bara, ni ya kina kifupi, kiasi cha mita 50 hivi au chini ya hapo katika sehemu kubwa yake, na katika enzi ya mwisho ya barafu, miaka takriban 20,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa chini kwa mita 120 hivi kuliko leo, Unguja ilikuwa imeungana na bara na wanyama walivuka kwa miguu. Ndiyo maana kisiwa hicho kilikuwa na chui wake. Pemba imetengwa na bara na mkondo wenye kina cha mamia ya mita, ikabaki kisiwa muda wote huo. Chui hakufika, lakini tunaye popo wa Pemba, yule mkubwa alaye matunda, ambaye hapatikani kwa asili popote pengine duniani. Mchoraji akishaamua kwamba kati ya Kidundo na bara pana mita 30, na kati ya Kidundo na Uvumba pana mita 600, amekwisha kuamua ni kisiwa kipi kina wanyama wakali na ni kipi kina ndege na popo wasiojulikana kwingine, hata kabla hajachora mti mmoja.

Baada ya kina hufuata upepo. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki kuanzia mwezi wa Aprili hivi hadi Oktoba, kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia Disemba hadi Machi, na pepo zote mbili huifikia pwani ya mashariki kwanza. Kwa hiyo pwani hiyo hupokea mawimbi ya bahari kuu, hujenga mwamba mrefu unaokwenda sambamba na nchi, na nyuma ya mwamba huacha maji mafupi ambayo wakati wa bamvua, yaani siku za maji kujaa na kupwa kupita kawaida, hupwa hata mtu akatembea mbali sana kwa miguu. Upande wa magharibi, uliokingwa, hukatwa na mahori, yaani mikono ya bahari iingiayo nchi kavu, na kujaa mikoko na visiwa vidogo vidogo. Si kwa bahati kwamba Wete, Chake Chake na Mkoani zote zipo magharibi mwa Pemba, na bandari ya Mji Mkongwe ipo magharibi mwa Unguja. Kosa ninaloliona mara nyingi katika ramani za kubuni ni pwani iliyokatwakatwa kwa namna moja kisiwa kizima, kana kwamba bahari inakipiga sawasawa pande zote. Kidundo, kwa upande wa mashariki, nimeichora kwa mistari mirefu iliyotulia na mwamba ulioachwa mweupe, na kwa magharibi nimeruhusu kalamu iingie ndani ya nchi, izunguke, itoke tena, kama mahori yetu yanavyofanya.

Jiwe nalo halisahauliki. Mashariki ya Kidundo ni maweni: udongo mwembamba uliojificha katika mifuko ya mawe, kilimo cha hapa na pale, na vijito vinavyotoka kwenye miinuko ya magharibi vikapotelea ardhini kabla ya kufika pwani, kwa kuwa jiwe la matumbawe lina matundu na mapango. Mto unaoishia pangoni humfanya mtazamaji asimame na kuuliza watu wa mashariki wanateka wapi maji, na swali hilo kwangu lina thamani kuliko ngome kumi zenye bendera.

Kisha nchi inahitaji historia. Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake, wakati Pemba haikuguswa sana, na tangu hapo uzito wa karafuu ukahamia kwetu. Upepo wa siku chache ulibadilisha mahali pa mashamba, kazi na majahazi. Katika ramani yangu Uvumba ina bandari kubwa kuliko mji wake, na Kidundo ina mji mkubwa wenye mashamba yaliyogeuka msitu, na sababu yake ni dhoruba ambayo sikuiandika popote ila imo katika mpangilio wa vitu.

Sasa niseme kuhusu mkono wenyewe. Natumia karatasi ya pamba ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ambayo huilowesha na kuibandika ubaoni kwa utepe wa gundi ili isijikunje inapopokea rangi. Wino lazima uwe ule usioyeyuka katika maji, kwa maana pwani huchorwa kwa nibu kwanza, na rangi hupita juu yake. Bahari huipaka kwa matabaka ya rangi iliyozimuliwa sana: la kwanza linafunika maji yote isipokuwa mwamba na mafungu ya mchanga, la pili linaanzia nje ya mwamba, la tatu linabaki kwenye mkondo pekee, hivi kwamba kina nilichokiandika kwa penseli sasa kinaonekana kwa macho. Kazi hii nimeigawa kwa majira. Wakati wa masika hewa imejaa unyevu na rangi huchukua muda mrefu kukauka, kwa hiyo mpito kutoka bluu hadi kijani huwa laini usio na ukingo. Huo ndio wakati wa kupaka bahari. Kaskazi inapovuma na jua kuwa kali, rangi hukauka upesi na kuacha ukingo mkali, na huo ndio wakati wa miamba, paa za nyumba na mipaka ya mashamba. Karatasi zilizokamilika huzilaza ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyotoka katika maboksi ya viatu, la sivyo ukungu huzila.

Kwa miinuko situmii vilele vilivyochongoka. Visiwa vyetu havina mwinuko unaofika hata mita 150, na bado atembeaye kwa miguu Pemba hupanda na kushuka siku nzima. Njia inayofaa nchi ya namna hii ni vistari vya mteremko, ambavyo mpima ardhi Mjerumani, Johann Georg Lehmann, aliviwekea kanuni mwaka 1799: kila kistari hufuata mahali ambapo maji yangeteremkia, na mteremko ukizidi, vistari huwa vinene. Ni kazi ya polepole kupita zote, nami naipenda kupita zote, kwa sababu mkono hulazimika kuyafuata maji kutoka juu hadi bondeni, bonde baada ya bonde.

Ipo desturi ya kupaka karatasi chai na kuchoma kingo zake ili ramani ionekane kongwe. Siikubali. Chai ina asidi inayoidhoofisha karatasi, na tena, ramani aliyoichora nahodha wa Kituruki, Piri Reis, mwaka 1513 juu ya ngozi ya paa ilikuwa mpya mikononi mwake; ukongwe iliupata baadaye. Nahodha wa Uvumba anastahili ramani safi yenye rangi zilizo wazi, kwa kuwa anakwenda nayo safarini.

Ramani ya pwani inapokamilika kwa wino, kabla ya rangi, humwonyesha mzee mmoja mvuvi kutoka kisiwa cha Kojani, hapa Pemba. Mara ya mwisho aliiinamia kwa muda mrefu, akaniuliza, “Mwanangu, chombo kikija na bamvua kitapita wapi?” Nikamwonyesha mlango katika mwamba. “Na maji yakipwa?” Nikamjibu, “Yakipwa, mzee wangu, kitangoja nje.” Akaweka kidole ndani kidogo ya mlango, akasema kwamba mkondo ukishapita pale penye wembamba hupoteza nguvu, kwa hiyo pale lazima pawe na fungu. Fungu hilo sasa lipo, na limepewa jina.

Majina huyaandika kwa kuyaelekeza nchi kavu, wima kwa ukingo wa pwani, kama walivyofanya wachora chati za Mediterania tangu karne ya 13, ili bahari ibaki wazi kwa miamba na vina. Na kusini nimeiweka juu. Al-Idrisi, mwanajiografia wa Kiarabu, aliiweka juu mwaka 1154 katika ramani aliyomchorea mfalme Roger II wa Sicily, lakini sababu yangu ni ya chombo chenyewe: jahazi linaloshuka na kaskazi huelekea kusini, na kilicho mbele ya nahodha kinapaswa kuwa juu ya karatasi yake. Karatasi inayofuata ni ya mlango kati ya Kidundo na Uvumba, nayo inasubiri masika.