Nyumba za Udongo za Ste. Genevieve

Safari ile ilikuwa wazo la Mama Neema, jirani yangu hapa St. Louis, mzaliwa wa Uvira, Kongo. Kanisani kwake alisikia kwamba ukiteremka kusini na Mto Mississippi, kama kilomita mia hivi, kuna mji wa Wafaransa unaitwa Ste. Genevieve. Yeye Kifaransa alikisomea tangu utoto, na tangu aingie Marekani hana wa kuzungumza naye. Mimi nilikuwa na gari. Tukaondoka Jumamosi moja asubuhi, Oktoba, yeye na kitenge kipya, mimi nikijihesabu dereva tu.

Wafaransa hatukuwakuta. Duka la kwanza tuliloingia Mama Neema alimwaga salamu zake zote kwa Kifaransa safi, na binti aliyekuwa kaunta akacheka kwa aibu, akajibu kwa Kiingereza. Majina ya mitaa ni ya Kifaransa, majina ya nyumba pia, lakini lugha yenyewe ilishaondoka midomoni mwa watu.

"Sasa Bafaransa bako wapi?" Mama Neema aliniuliza, kana kwamba niliwaficha mimi.

Jibu alilipata kwa mwelekezi wa hifadhi ya kihistoria ya pale, kijana mpole mwenye kofia pana. Walioanzisha mji katikati ya karne ya 18 wengi walikuwa watu wa asili ya Kanada, waliovuka mto kutoka upande wa Illinois kufuata ardhi nzuri, chumvi na madini ya risasi. Ilipofika miaka ya 1760 Ufaransa ilikuwa imeshaiachia Hispania ng'ambo hii ya mto. Kwa hiyo zile nyumba zinazosifiwa kuwa za Kifaransa, nyingi zilijengwa Mhispania akitawala. Marekani ilikuja kulinunua eneo lote la Louisiana, pamoja na ng'ambo hii, mwaka 1803, na Wajerumani wakahamia baadaye. Mama Neema alisikiliza, akatikisa kichwa: "Bakanada, chini ya Baespanyole, njo banaita Bafaransa." Kijana alitaka nimtafsirie. Nilimwambia mama amefurahi.

Mji wenyewe ni mzuri, siwezi kuukatalia. Ni mdogo, unautembea kwa miguu, una kanisa la mawe lenye mnara mrefu, bustani nyuma ya nyumba, na kimya cha mahali ambapo barabara kuu imepita mbali. Hapo awali haukuwa hapo ulipo. Kijiji cha kwanza kilikuwa kilomita chache kusini, kwenye tambarare ya mto, mpaka mafuriko ya mwaka 1785 yalipowafukuza watu. Wakajenga upya juu kidogo, ila mashamba hawakuyaacha. Yale mashamba, Grand Champ, bado yanalimwa hadi leo, yamekatwa vipande virefu vyembamba kama zamani. Mto nao haukusahau njia: mwaka 1993 watu walipanga magunia ya mchanga usiku na mchana kuuokoa mji.

Tulipita makaburi ya zamani, Mama Neema akifurahi hatimaye kusoma Kifaransa, japo cha marehemu. Hapo tulisimuliwa habari za Odile Vallé. Mumewe Félix alizikwa pale, kisha makaburi yakafungwa kwa kujaa. Bibi akatoa ardhi yake kwa ajili ya makaburi mapya, kwa sharti moja: yeye azikwe kwenye yale ya zamani, kando ya mumewe. Akazikwa hapo mwaka 1894. Mama Neema akasema huyo ndiye mwanamke, halafu tukaendelea.

Lakini kilichonibadilisha mimi kutoka udereva ni nyumba. Baba yangu ni fundi wa Pangani, wa nyumba za miti na udongo, na utoto wangu wote nilimkandia udongo kwa miguu. Sasa nimefika katikati ya Marekani, naoneshwa nyumba ya mwaka 1792, na kuta zake ni magogo yaliyosimamishwa wima, yamechimbiwa ardhini, na kati ya gogo na gogo wamejaza udongo uliochanganywa na majani makavu, kisha wakapaka chokaa. Mbele kuna baraza ya kukaa watu. Paa limeteremka sana kuzilinda kuta na mvua.

"Hata bazungu balikuwa banajenga na potopoto?" Mama Neema alinong'ona.

Kijana alituteremsha chini ya sakafu tuone magogo yalivyozama. Ni mwerezi mwekundu, mti usiooza upesi. Nilimpigia baba simu ya video palepale; Pangani ilikuwa jioni, ametoka kuswali magharibi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Giza hilo ni la wapi?"

Nikamsogezea kamera. Alitaka nikwaruze gogo kwa kucha, nilimwambia hairuhusiwi. Akauliza habari za mchwa. Akasema sisi tunazipaka boriti oili chafu, na bado miaka haiwi mingi mchwa hawajafika. Akatazama ule udongo kwa muda, akasema umeshindiliwa vizuri. Kisha akauliza: "Aliyekandika nani?"

Nikamgeuzia kijana swali. Hakuzunguka. Alisema miaka ya 1770 karibu watu wanne katika kila kumi mjini pale walikuwa watumwa, na kazi ya mikono, shambani, kwenye chumvi, kwenye ujenzi, iliwaangukia wao. Majina yao mengi hayapo. Baba alinyamaza, akasema, "Mwambie kazi yao ni nzuri," akakata simu. Ndivyo alivyo.

Nyumba hiyo inaitwa Amoureux, na jina lake halikutoka kwa aliyeijenga. Lilitoka kwa Benjamin Amoureux, Mfaransa aliyeinunua mwaka 1852, na mkewe Pélagie. Pélagie alizaliwa mtumwa. Alipata uhuru wake mwaka 1832 pamoja na mwanawe Félix, katika jimbo hili la Missouri, ambalo miaka michache baadaye lilipiga marufuku ndoa ya mweupe na mweusi, na kumlazimisha mweusi huru awe na kibali cha kuishi. Walikaa humohumo, na Pélagie akaendesha duka.

Neno duka lilimwamsha Mama Neema. Yeye mwenyewe anauza ndagala na unga wa muhogo kutoka chumba chake cha mbele, na nusu ya mtaa wetu iko kwenye daftari lake la madeni. Akanigeuza mkalimani. Aliuza nini? Alikuwa anakopesha? Bazungu balikuwa banalipa? Asipolipwa angemshitaki nani? Kijana alijibu aliyoyajua, mengine akayaandika kwenye kijitabu chake, na kundi lililofuata lilikuwa limeshajaa barazani, linachungulia mlangoni, Mama Neema akiwa bado na maswali.