Usianze na "ilikuwaje"

Mtoto akipatwa na jambo zito, awe amebakwa, ameona mama yake akipigwa, au amefiwa na wazazi wote wawili kwa mpigo, watu wazima wa mtaani huanza na swali lilelile: "Ilikuwaje?" Anauliza mjumbe, anauliza mtendaji, anauliza mwalimu, anauliza shangazi aliyefika jana kutoka Mpwapwa, kisha jirani aliyesikia nusu ya habari. Mtoto wa miaka saba anaweza kusimulia mara sita ndani ya siku mbili, na kila mara mwili wake unarudi palepale pa tukio. Kama kuna jambo moja ambalo ningependa tuliache hapa Dodoma, mjini na vijijini, ni hilo.

Wanaohitaji maelezo yake ni wachache: tabibu kwa ajili ya matibabu, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na afisa ustawi wa jamii. Sisi wengine kazi yetu ni kumweka salama, kumpa maji na chakula, kumtafutia pa kulala, na kuhakikisha mtu mmoja anayemfahamu anakaa naye. Akianza kusema mwenyewe, msikilize mpaka amalize. Usimkatize wala usimtafutie maneno. Ukijibu, maneno machache yanatosha: "Pole mwanangu. Umefanya vizuri kuniambia. Si kosa lako." Usimwahidi kwamba itabaki siri, maana ahadi hiyo utaivunja na atajua. Mwambie, "Nitamweleza mtu anayeweza kutusaidia, na wewe nitakwambia kabla sijaenda." Kisha andika alichosema kama alivyokisema, kwa tarehe na saa, ili asirudie kwa kila anayekuja.

Kwa mtoto aliyebakwa au kulawitiwa, saa zinahesabika. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi vizuri. Asiogeshwe kabla ya uchunguzi. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi au bahasha kubwa, si wa nailoni, kwa sababu nailoni hushika unyevu na ukungu huharibu ushahidi. Fomu ya polisi, PF3, inahitajika kwa kesi, lakini matibabu ya dharura hayaisubiri. Simu ya huduma kwa mtoto, 116, hupigwa bure. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 95, inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aipeleke serikali ya mtaa. Kumalizana kifamilia kwa mbuzi au kwa fedha ni kumwacha mtoto akutane na aliyemdhuru kisimani kila asubuhi. Hakuna unasihi unaofanya kazi wakati hatari bado ipo nyumbani.

Utafiti wa kitaifa uliofanyika 2009 na kutolewa 2011 ulionyesha kuwa karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Kwa hiyo katika darasa la watoto sabini tusijiulize kama wapo. Wapo, na wengi wao tayari tumeshawapa majina. Hofu inayorudiwa tangu utotoni huufundisha ubongo kukaa macho muda wote, na mwili hujibu kwa njia tatu: kupigana, kukimbia au kuganda. Shuleni anayepigana huitwa mjeuri, anayekimbia huitwa mtoro, na anayeganda huitwa mzito wa kichwa. Kila mmoja hupewa fimbo, na fimbo inauthibitishia mwili wake kwamba ulikuwa sahihi kuogopa. Mwalimu anayetaka kusaidia hahitaji fedha. Amkalishe mtoto huyo karibu na ukuta, mahali anapouona mlango, asimguse kwa nyuma, na amwambie mapema kama leo kutakuwa na mgeni au kelele. Aliyepitia maporomoko ya tope kama yale ya Katesh, Hanang, ya Desemba 2023 anaweza kutetemeka kwa ngurumo ya kawaida tu. Aambiwe: "Hiyo ni mvua. Uko darasani, sisi wote tupo."

Sasa kikundi cha kila wiki cha kuwasaidia watoto hawa kutulia, ambacho mtaa au kijiji kinaweza kukiendesha chenyewe. Chukua watoto wanane hadi kumi, wasizidi. Wagawe kwa umri: saba hadi tisa kivyao, kumi hadi kumi na tatu kivyao. Ukiwachanganya, wakubwa husema mambo yanayowatisha wadogo, nao wadogo huwafanya wakubwa waone aibu kucheza. Waendeshaji wawe wawili, angalau mmoja mwanamke, walewale kuanzia wiki ya kwanza hadi ya kumi na mbili. Hapa ndipo vikundi vingi huvunjikia. Mtoto ambaye watu wazima wamekuwa wakimpotea, mmoja baada ya mwingine, akiona mwendeshaji mpya wiki ya nne, hufunga mlango moyoni na hauufungui tena. Afadhali kuahirisha wiki moja kuliko kuleta mtu mgeni.

Mahali pawe pa wazi kwa macho na pa faragha kwa masikio: chini ya mwarobaini uwanjani kwa kanisa, au barazani kwa zahanati siku isiyo ya kliniki. Mwendeshaji asikae na mtoto mmoja chumbani mlango umefungwa, kwa sababu yoyote ile. Siku na saa zisibadilike, tuseme Jumamosi saa tatu asubuhi, kabla ya jua kali na upepo wa vumbi. Na hesabuni msimu. Kuanzia Desemba familia ziko shambani, na uwele na mtama vikianza kukomaa watoto ndio wanaoamia ndege. Kikundi kilichoanza Februari kitabaki na watoto watatu. Anzeni Julai, mavuno yakiwa ndani.

Dakika 75 zinatosha. Kumi za kwanza ni salamu na wimbo uleule kila wiki. Kumi ni za pumzi. Thelathini ni za shughuli ya siku, kumi za mchezo kama rede, mdako au kuruka kamba, na kumi na tano za uji. Kwa watoto kumi, lita tatu na nusu za maji na chini kidogo ya nusu kilo ya unga zinatosha. Uji unywewe na kila mtoto aliyefika uwanjani, hata asiye wa kikundi, la sivyo mtaa mzima utajua nani ni "mtoto wa matatizo". Kwa sababu hiyohiyo kikundi kisipewe jina la ukatili wala la yatima. "Kikundi cha Jumamosi" linatosha. Picha zisipigwe, hata mfadhili akiomba.

Zoezi la pumzi lifundishwe kwa kikombe cha uji moto. Nusa uji kwa hesabu ya tatu, upoze kwa kuupuliza taratibu kwa hesabu ya sita, mara tano. Pumzi ya kutoka iwe ndefu kuliko ya kuingia, kwani hiyo ndiyo hupunguza mapigo ya moyo. Wengi hukosea kwa kuwaambia watoto wavute hewa nyingi kwa nguvu. Mtoto mwenye hofu akivuta hivyo hupata kizunguzungu na hofu huzidi. Asitakiwe kufumba macho. Kwa aliyedhuriwa usiku, giza ni hatari, basi aangalie jiwe au mguu wake. Akiganda kabisa, mwombe ataje vitu vitano anavyoviona, vinne anavyoweza kugusa, vitatu anavyosikia. Ngoma nayo inasaidia, na kina mama wa Kigogo wanaopiga muheme wanajua kushika mapigo pamoja kwa muda mrefu kuliko mwezeshaji yeyote wa semina. Waombeni waje. Lakini watoto waambiwe kabla ngoma haijalia, na waanze wenyewe kwa kupiga ndoo polepole.

Wiki tatu za kwanza ni za kanuni, majina na hisia tu. Wiki ya nne hadi ya sita wajifunze hofu inakaa wapi mwilini na jinsi ya kuituliza. Wiki ya saba hadi ya tisa ni za Mti wa Maisha, zoezi lililobuniwa na Ncazelo Ncube wa Zimbabwe na David Denborough wa Australia. Kila mtoto anachora mti kwenye karatasi ya manila. Huku kwetu wachore mbuyu, mti wanaoujua. Mizizi ni ukoo na kwao, ardhi ni mambo anayofanya kila siku, shina ni anachokiweza, matawi ni matumaini, majani ni watu wanaompenda, matunda ni mema aliyopewa. Michoro yote inabandikwa pamoja iwe msitu. Baada ya hapo ndipo kikundi kinazungumza kuhusu dhoruba zinazoipata miti, na jinsi miti inavyosimama. Mtoto anazungumzia mti, halazimiki kujitaja. Anayeanza na dhoruba kabla ya mizizi anamwondoa mtoto kwenye ardhi imara, na nimeona nisisitize hilo kwa sababu ndiyo njia ya mkato inayochukuliwa mara nyingi muda ukiwa mfupi. Wiki tatu za mwisho kila mtoto ataje watu watatu wa kuwakimbilia, kwa majina na nyumba zao, na waagane bila haraka.

Je, watu wasio wataalamu wanaweza? Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya, watoto yatima 640 wa miaka 7 hadi 13 waliingizwa kwenye jaribio: nusu walipata vikao 12 vya kikundi, vilivyoongozwa na wanajamii waliofunzwa na kusimamiwa, na nusu huduma za kawaida. Matokeo yalichapishwa 2020. Upande wa Kenya nafuu ilidumu hata baada ya mwaka. Upande wa Tanzania, kufikia wakati huo, watoto waliopata huduma za kawaida walikuwa wamepata nafuu inayokaribiana na ya wenzao. Ninavyosoma mimi, wanajamii wanaweza, ila mafunzo ya siku mbili bila msimamizi hayatoshi. Waendeshaji wakutane na afisa ustawi au muuguzi wa afya ya akili kila wiki, saa moja, wajadili kila mtoto na waseme wao wenyewe wamelalaje.

Nyumbani, mara nyingi mlezi ni bibi, naye amechoka na ana msiba wake. Mwende kwake kwa shikamoo, kaeni, ulizeni habari za shamba kwanza. Swali lake la kwanza huwa ni kikojozi. Mwelezeni kwamba kukojoa kitandani baada ya hofu si uvivu, na kwamba kumwanika mtoto na godoro mbele ya wenzake huongeza tatizo. Apunguze vinywaji jioni, amwamshe mara moja kabla yeye hajalala, amsifu asubuhi ya kitanda kikavu na anyamaze asubuhi ya kitanda chenye maji. Kabla ya yote mkojo upimwe zahanati: maambukizi ya njia ya mkojo, kisukari, na kichocho ikiwa kuna damu. Asinunue dawa za usingizi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2013 unakataza kuwapa watoto dawa za jamii ya diazepamu kwa ajili ya mshtuko ndani ya mwezi mmoja baada ya tukio.

Wengi hutulia wenyewe wakiwa salama. Anayeendelea na jinamizi, kukwepa na kushtuka zaidi ya mwezi mmoja, au anayeacha kula, apelekwe kituo cha afya. Anayesema anataka kufa, anayejikata au anayesikia sauti apelekwe siku hiyohiyo, na mtu akae naye njia nzima. Kutoka hapo atapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, au Mirembe, hospitali ya afya ya akili ya hapa Dodoma iliyoanza 1927 na ambayo jina lake watu wamelifanya tusi. Bibi akisikia "Mirembe" atadhani mjukuu amehesabiwa mwendawazimu. Mwambieni mapema kwamba kuna wataalamu wa kuzungumza na watoto na kwamba kwenda kliniki si kulazwa. Mtoto naye aambiwe jana yake: nani atampeleka, watapanda daladala ipi, nani atabaki naye chumbani, na watarudi nyumbani saa ngapi.